Shajara ya mradi wa Sina Haraka: kuishi ndani ya mashua, kutoka Tanga hadi Kilwa

Septemba 8, 2024. Tanga

Leo tumemaliza kuilipia mashua, na kwa kuwa akiba yote imekwenda huko, shajara hii inaanza siku ambayo hatuna tena njia ya kurudi nyuma. Ni chombo cha urefu wa mita 9.6 na upana wa mita 3, kilichofanya kazi miaka mingi ya kubeba mkaa, nazi na mchanga kati ya Pangani na Tanga, na kwenye ubao wa tezi, yaani nyuma ya chombo, bado linasomeka jina lake, Sina Haraka. Tumeliacha jina kama lilivyo. Mtu anayenunua chombo cha tanga chenye jina hilo hawezi kulalamika baadaye kwamba hakuonywa.

Mradi wenyewe ni huu: watu watatu, yaani mimi, mke wangu na mpwa wangu, tutaishi ndani ya mashua hii kwa msimu mzima wa kaskazi, upepo utokao kaskazini, bila kukodi chumba nchi kavu, tukishuka kutoka Tanga kwenda Pemba, Unguja, Mafia, Songosongo na Kilwa, halafu turudi na kusi, upepo utokao kusini. Mimi ni mwalimu mstaafu wa jiografia, mke wangu alikuwa muuguzi, na mpwa wangu ndiye baharia pekee kati yetu, kwa kuwa amekulia kwenye ngalawa huko Kigombe.

Tumeulizwa mara nyingi kwa nini hatukutafuta yoti ya faiba kama wanazotumia wageni wanaopita mwambao huu. Bei ndiyo jibu la kwanza. Jibu la pili ni la kiufundi: yoti nyingi zina mkuku (uti wa chini wa chombo) mrefu unaoshuka karibu mita 2 chini ya maji, nazo hulazimika kukaa mbali kwenye kilindi, ilhali mashua yetu inahitaji maji ya sentimita 90 tu na inaweza kulala juu ya mchanga maji yakitoka. Katika mwambao ambao bahari hupanda na kushuka kwa takriban mita 4 wakati wa bamvua kubwa, yaani siku ambazo maji hujaa na kupwa kupita kawaida, uwezo wa kulala juu ya mchanga bila kuvunjika una thamani kuliko starehe yoyote ya ndani.

Oktoba 6, 2024. Tanga

Chombo kimekaa juu ya magogo ufukweni wiki nne sasa, nacho kiko mikononi mwa fundi mzee ambaye sote, hata mke wangu, tunamwita Ami. Alianza kwa kukizunguka mara tatu bila kusema neno, akigonga kila ubao kwa mpini wa nyundo, kisha akachora alama ya mkaa kwenye mbao nne za kubadilishwa. Tatu zilikuwa chini ya mstari wa maji upande wa kushoto, ambako wadudu wa baharini walikuwa wamezitoboa mpaka zimekuwa kama sega la nyuki, ingawa kwa nje rangi ilikuwa nzima kabisa.

Kalafati imechukua siku kumi na moja, na ningependa kuieleza kwa sababu nilikuwa nikidhani ni kazi ya kuziba nyufa tu. Pamba husokotwa iwe kamba nyembamba, huloweshwa mafuta, kisha husukumwa kwenye mwanya wa mbao mbili kwa patasi butu na nyundo ya mti. Ami hatazami sana anachofanya. Anasikiliza. Mapigo ya kwanza hutoa sauti ya chini, iliyofumbwa, kama mtu anayepiga mto. Pamba inapofika mahali pake na kubanana, sauti hupanda na kuwa kavu, na hapo ndipo anapohamia inchi inayofuata. Nilijaribu kwa nusu saa. Nilipomaliza alichomoa pamba yangu yote kwa ncha ya kisu, bila kuninyima adabu, akasema, "Mwalimu, hii haijaitika."

Chini ya mstari wa maji tumepaka deheni, yaani shahamu iliyochemshwa na kuchanganywa na chokaa, ambayo harufu yake imeingia katika nguo, nywele na daftari hili. Ipo rangi ya dukani inayozuia wadudu na chaza, ila kopo moja linazidi bei ya shahamu na chokaa ya kupaka chombo kizima mara nne. Deheni ina ila moja tu: haidumu, na itabidi tuirudie kila baada ya miezi miwili au mitatu. Hapo ndipo uwezo wa kulala juu ya mchanga utakapopimwa.

Ndani tumejenga vitanda viwili vya mbao, sehemu ya kupikia, na kibanda kifupi chenye paa la turubai nyuma ya mlingoti. Farumi iliyokuwa mawe tumeipunguza, na nafasi yake tumeweka madumu 12 ya maji ya lita 20 kila moja, yamefungwa kamba juu ya mkuku, ili uzito tunaouhitaji kwa utulivu wa chombo uwe pia uzito tunaoweza kuunywa.

Kuhusu usajili nitasema kwa ufupi. Fomu niliyopewa katika ofisi moja ilikuwa na nafasi ya kuweka alama kwenye uvuvi, mizigo au abiria. Nilipoeleza kwamba tutaishi humo, karani aliniuliza kwa upole kama nina ugomvi na mwenye nyumba. Ilinichukua safari nne kupata jibu.

Oktoba 18, 2024. Tanga

Mashua imeshushwa majini leo, Ijumaa, baada ya sala ya adhuhuri, kwa bamvua la mwezi mpevu ambalo Ami alikuwa amelitaja tangu siku ya kwanza. Maji yalijaa karibu na saa 11 jioni. Vijana ishirini na kitu walisukuma kwa nyimbo, mke wangu akawagawia halua na kahawa, na chombo kikaingia baharini kikiwa kinavuja kila mahali.

Hilo tulilitarajia. Mbao zilizokaa juani wiki sita zimekauka na kusinyaa, nazo zinahitaji kunywa maji na kuvimba mpaka zibanane tena. Usiku huu tunapokezana kutoa maji ngamani, yaani chini kabisa ndani ya chombo, kwa upo, kata ya kutekea maji, kwa kuwa pampu ya umeme haitoi maji kwa kasi ya kutosha. Saa 4 usiku tulikuwa tunatoa ndoo 30 kwa saa.

Oktoba 21, 2024

Ndoo mbili kwa siku. Mbao zimefunga.

Novemba 17, 2024. Ghuba ya Tanga

Mwezi wa kwanza wa kuishi ndani umekwisha, tukiwa bado tumetia nanga mahali ambapo tunaona taa za mji. Kusudi ni kujifunza makosa yetu tukiwa karibu na duka la vifaa.

Maji ya kunywa na kupikia ndiyo hesabu ya kwanza ya kila asubuhi. Tuna lita 240 na tulianza kwa kutumia lita 21 kwa siku, kiasi ambacho kingetupa siku 11 tu. Sasa tumefika lita 10. Tunaoga kwa maji ya bahari na kujisuuza kwa kopo moja, vyombo vinaoshwa kwa maji ya bahari, na wali unapikwa kwa maji ya bahari kidogo yaliyochanganywa na matamu, jambo linalotuondolea haja ya chumvi. Mke wangu ameweka alama kwa kisu kwenye kila dumu, na hakuna anayeruhusiwa kufungua dumu jipya bila kuandika tarehe.

Umeme hautusumbui. Paneli mbili za wati 100 na betri moja ya volti 12 zinatosha taa, simu, redio ya baharini na pampu ya ngama, kwa sharti kwamba hatuna friji. Kwa hiyo hatuweki kitu cha kuoza. Akiba yetu ni mchele, unga, maharage, dagaa, ng'onda, nazi zilizofuliwa nusu na malimau yaliyofukiwa kwenye boksi la mchanga mkavu, ambayo mpaka leo, wiki ya nne, bado yana maji.

Tulikuja na jiko la gesi, na nafurahi kwamba mke wangu ndiye aliyelikagua. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja ndani ya nyumba inaweza kutoka mlangoni, lakini ikivuja ndani ya chombo hushuka ngamani na kutulia humo kama maji, ikingoja cheche ya pampu. Mtungi sasa umefungwa nje kwenye tezi, mahali ambapo gesi ikivuja itaangukia baharini, na vali hufungwa kila baada ya kupika. Siku za shwari tunarudi kwenye njia ya mabaharia wa zamani: sanduku la mbao lililojaa mchanga, mafiga matatu na mkaa.

Usingizi ni suala jingine. Wiki ya kwanza niliamka kila chombo kilipogeuka na mkondo. Sasa naamka kikiacha kugeuka.

Novemba 28, 2024. Mkoani, Pemba

Tumevuka. Nitaandika kwa utaratibu kwa sababu kosa lilikuwa la kwetu.

Tuliondoka jana saa 8 usiku na umande, ule upepo mwepesi unaotoka bara kabla ya kukucha, tukiwa na karibu maili 40 za baharini mbele yetu. Kulipopambazuka kaskazi ilikuwa imeshika vizuri, tukatweka tanga kubwa na mashua ikalalia upande wa kulia. Mkondo wa Pemba, yaani bahari iliyo kati ya kisiwa na bara, una kina kinachozidi mita 800, kwa kuwa Pemba imetengana na bara kwa bonde refu la baharini, tofauti na Unguja na Mafia ambazo zimesimama kwenye maji machache ya ukingo wa bara. Niliwahi kulifundisha jambo hilo kwa zaidi ya miaka ishirini, lakini sikuwa nimeiona rangi yake: maji huacha ukijani na kuwa ya samawati iliyokolea, karibu na weusi, na mawimbi huwa marefu.

Saa 3 asubuhi mpwa wangu aliinua ubao wa sakafu na kusema, "Mjomba, madumu yanaelea." Maji yalikuwa yamefika kwenye vitanda. Nilikimbilia kutazama chini ya mstari wa maji, mahali tulipobadilisha mbao, na sikuona kitu. Ni yeye aliyegundua kwamba yanaingia kutoka juu. Kwa wiki sita mbao zilizokuwa majini zilivimba na kufunga, ila zile mbili za juu kabisa, chini ya ukingo, zilikuwa zimekaa juani muda wote huo zikikauka; chombo kilipolala zikaingia majini kwa mara ya kwanza, na kila mwanya ukawa bomba. Pamba iliyokuwa imeitika mwezi wa Oktoba ilikuwa imelegea.

Hatukuweza kubadili upande bila kuipoteza njia yetu. Tulitua tanga, tukatweka lile dogo ili chombo kisimame wima zaidi, na mimi na mke wangu tukatoa maji kwa upo na ndoo saa nne mfululizo huku mpwa akishika usukani na kuimba peke yake, nadhani kwa ajili yetu. Tumefika Mkoani alasiri. Magodoro mawili yameharibika, kilo 15 za mchele zimelowa, daftari limekauka.

Agizo jipya: kila siku, asubuhi na jioni, ndoo kumi za maji ya bahari zinamwagwa juu ya mbao za nje, hata kama tumetia nanga na hatuna safari.

Desemba 4, 2024. Mkoani

Bamvua la mwezi mwandamo limetuwezesha kulaza chombo kwa mara ya kwanza. Tulikisogeza ufukweni maji yalipojaa alfajiri, tukakisimamisha kwa magongo mawili ya mkoko kila upande, tukangoja. Ilipofika saa 4 asubuhi kilikuwa kimesimama kwenye mchanga mtupu kama meza, na tukawa na zaidi ya saa nne za kufanya kazi kwenye jua.

Hapa nimejifunza jambo ambalo kila mvuvi wa mwambao huu analijua na mimi, niliyelichora ubaoni miaka mingi, sikuwahi kuliona. Katika pwani yetu kupwa kwa bamvua huja takribani kati ya saa 4 na saa 6 mchana, na tena usiku kwa saa zizo hizo. Kujaa kwake huja alfajiri na jioni. Maji mafu, siku ambazo bahari hupanda na kushuka kidogo tu, ni kinyume chake, hujaa kati ya asubuhi na mchana. Haibadiliki, kwa sababu bamvua hufuata mwezi mwandamo na mwezi mpevu, na siku hizo mwezi na jua hupita juu yetu kwa saa zinazolingana. Maana yake kwa anayeishi chomboni ni kubwa sana. Kila baada ya wiki mbili bahari inakupa gati la kutengenezea chombo, bila malipo, mchana, kwa saa unayoweza kuitaja mwezi mzima kabla. Na siku za kupita kwenye milango myembamba ya miamba ni zile za maji mafu, ambapo mkondo ni dhaifu na maji hujaa jua likiwa limepanda, mwamba unaonekana.

Nilipomwambia mpwa wangu ugunduzi huo alinitazama kwa huruma. "Sasa Mjomba ulikuwa unadhani wanawake wanaokwenda kuokota chaza wanaamuaje siku?"

Tangu leo kalenda iliyobandikwa kibandani ni ya mwezi. Ile ya Januari hadi Desemba imebaki kwenye shajara hii tu.

Desemba 16, 2024. Unguja, upande wa magharibi

Tulivuka kutoka Pemba kuja Nungwi kwa siku moja nzuri, tukipita maji ambayo hakuna mtu wa visiwani anayeyapita bila kuikumbuka meli ya abiria MV Spice Islander I iliyozama humo usiku wa kuamkia Septemba 10, 2011. Mpwa hakuimba.

Wiki hii tumekaa na nanga mbili. Kimbunga Chido kiliipiga Mayotte tarehe 14 na siku iliyofuata kikaingia kaskazini mwa Msumbiji. Sisi tuko mbali nacho, na nilifundishwa, kama nilivyofundisha wengine, kwamba vimbunga havifiki kwetu kwa kuwa tuko karibu mno na ikweta. Lakini Mei mwaka huu kimbunga Hidaya kilifika Mafia, na Zanzibar ilipigwa na kimbunga kikubwa Aprili 1872 kilichovunja vyombo bandarini na kung'oa minazi na mikarafuu. Tumeamua kwamba hatutaondoka bandari yoyote bila kusikiliza taarifa ya Mamlaka ya Hali ya Hewa ya siku tano mbele, na kwamba Aprili tutakuwa mahali penye mikoko ya kujificha.

Jioni tunasikia adhana kutoka misikiti mingi ya Mji Mkongwe, kila mmoja ukitangulia au kuchelewa kidogo, na juu ya maji sauti zote hufika kama moja ndefu.

Januari 8, 2025. Ghuba ya Chole, Mafia

Saa 26 kutoka Kizimkazi, kusini mwa Unguja. Tungeweza kushuka kwa vituo, visiwa vya Kwale na Koma, ndani ya mkondo wa Mafia wenye maji machache na mafungu ya mchanga yanayotokana na Rufiji, lakini tulitaka kupita nje angalau mara moja. Kaskazi ilikuwa inatusukuma kusini huku mkondo wa bahari, ambao katika mwambao wa Tanzania huelekea kaskazini mwaka mzima na kupungua nguvu tu msimu huu, ukiturudisha. Upepo na maji vikipingana mawimbi husimama wima na kukaribiana, na chombo chetu kiliyapanda kama mtu anayepanda ngazi zisizolingana.

Tulipokezana saa tatu tatu. Mwezi wa siku ya saba ulizama karibu na usiku wa manane, na baada ya hapo hapakuwa na tofauti kati ya bahari na mbingu isipokuwa nyota upande mmoja. Tulikaa mbali na Fungu Kizimkazi, kile kisiwa kidogo kisicho na mti hata mmoja, kilicho chini kiasi kwamba mtu angekigonga kabla ya kukiona. Alfajiri ndege wake wa baharini walitupita wakielekea kuvua. Kwa zamu ya mke wangu niliamka nikamsikia akizungumza na usukani kama alivyokuwa akizungumza na wagonjwa wasiotaka kulala.

Mlango wa Kinasi tuliuingia leo saa 5 kasoro, maji mafu, yanakaribia kujaa, jua liko juu. Tulikuwa tumeipanga saa hiyo tangu Mkoani, wiki tano zilizopita, na ilikuwa kama ilivyoandikwa. Mpwa alipanda juu ya foromali, boriti inayobeba tanga, na kuelekeza kwa mkono: kahawia ni mwamba, kijani ni mchanga, samawati ni njia. Siku za bamvua ghuba hii yote humwaga maji yake kwenye mlango huo huo, na mashua ya tanga ikikutana nayo haipiti.

Januari 30, 2025. Kati ya Chole na Jibondo

Hapa tumekaa muda mrefu kuliko tulivyokusudia. Ni ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia, ya kwanza ya aina yake nchini, iliyoanzishwa mwaka 1995, na tumelipa ada na kuonyeshwa mahali pa kutia nanga ili tusiivunje miamba hai. Jua likizama popo wakubwa wanaokula matunda hutoka kwenye miembe ya Chole kwa maelfu, wengine hushuka na kugusa maji kwa kifua kisha hupaa wakilamba manyoya yao. Tunawatazama kila siku na hatuchoki.

Jibondo ndiko tulikokwenda kwa kazi. Foromali yetu ilikuwa na ufa tangu usiku ule wa Kizimkazi, na Jibondo ni kisiwa cha maseremala wa vyombo. Fundi alifunga ufa kwa kipande cha mti kila upande na kamba iliyokazwa sana, akasema tusiitweke kwa siku mbili. Kisiwa hicho hakina maji matamu ya kutosha. Kwa muda mrefu mengi yameletwa kutoka Mafia. Mke wangu aliwaona akina mama wakipima maji kwa kopo, wakarudisha matone kwenye ndoo, na jioni ile alifuta alama zake za kisu kwenye madumu akaweka mpya. Tuko kwenye lita 8.

Malalamiko ya ndani, kwa kuwa shajara isiyoyataja ingekuwa ya uongo: hakuna mahali pa kuwa peke yako. Mita 9.6 ni chache kwa watu watatu waliokasirikiana. Tumekubaliana kwamba anayekaa kwenye gubeti, ncha ya mbele ya chombo, akitazama mbele hasemeshwi mpaka ageuke mwenyewe. Mpango huu umefanya kazi vizuri kuliko nilivyotegemea, ingawa juzi mke wangu alikaa huko tangu asubuhi mpaka alasiri na chai ikabidi ipelekwe bila neno.

Februari 21, 2025. Songosongo

Usiku mmoja tu. Taa za mitambo ya gesi zinaonekana kutoka mbali, na chini yetu linapita bomba lililoanza kupeleka gesi Dar es Salaam mwaka 2004, huku sisi tukichochea mkaa kwenye sanduku la mchanga. Pweza ni rahisi hapa.

Machi 19, 2025. Kilwa

Kaskazi imekwisha. Upepo unageuka geuka, mchana kutwa shwari, jioni radi upande wa bara. Tumefunga Ramadhani ndani ya chombo, na nakiri kwamba saa za mchana bila upepo chini ya turubai zimekuwa ngumu kuliko mkondo wa Pemba. Mvua ya juzi ilidumu nusu saa na turubai likatujazia madumu matano. Tulioga kwa maji matamu kwa mara ya kwanza tangu Unguja, tukiwa tumesimama sitahani na nguo zetu, tukicheka kama watoto.

Tumetia nanga mahali tunapoona Gereza, ile ngome ya kale ya Kilwa Kisiwani. Ibn Battuta alifika hapa mwaka 1331 kwa upepo ule ule uliotuleta. Nikiwa darasani nilieleza utajiri wa Kilwa kwa dhahabu ya Sofala, na hilo ni kweli, lakini sasa naona kwamba nililipa jambo la upepo mstari mmoja lilipostahili kipindi kizima. Chombo kinachotoka Uarabuni kwa kaskazi kinaweza kufika mpaka huku, kikauza na kununua, kisha kikashika kusi na kurudi ndani ya mwaka. Kikishuka zaidi ya hapa kinahatarisha kukwama msimu mzima. Tumefika Kilwa wakati upepo unakufa, na hatukufanya hesabu yoyote ili iwe hivyo.

Matumizi mpaka leo, bila bei ya mashua: nusu yamekwenda kwenye kamba, pamba, mafuta na mbao, robo kwenye chakula, na iliyobaki kwenye ada na vibali. Mafuta ya mashine ndogo ya dharura ni lita 22 kwa miezi mitano.

Aprili 1, 2025. Kilwa Masoko

Bamvua la mwisho wa Machi ni miongoni mwa makubwa ya mwaka, na tulilingoja kwa wiki mbili. Watu ufukweni bado wamevaa nguo za Idi. Chombo kilisimama kwenye mchanga tangu saa 3 asubuhi, na maji yalikwenda mbali kiasi kwamba watoto walikuwa wakitembea mahali tulipokuwa tumetia nanga jana.

Deheni ya Februari imekwanguka sehemu kubwa. Tumeparua chaza, tumepaka upya upande wa kulia wote, na upande wa kushoto, kwenye ubao mmoja wa zamani karibu na mkuku, tumekuta mwanya ambao pamba yake imeoza, urefu wa mkono mmoja. Hakuna fundi aliyepatikana siku ya Idi. Patasi ya Ami tunayo, alitupatia siku ya kuondoka, na pamba ipo.

Nimefanya kazi hiyo mwenyewe, nimelala chali kwenye mchanga unyevu. Nilipofika mwisho sikuwa na hakika, basi mpwa akampigia Ami simu Tanga, akamwamkia, akamweleza. Ami hakuuliza ukubwa wa mwanya wala aina ya mafuta. Aliomba simu iwekwe kwenye ubao na mimi nigonge. Niligonga mara tatu upande wa kulia wa mwanya, mara tatu katikati, mara tatu mwisho.

"Huko mwisho bado," alisema. "Ongeza kamba mbili. Maji yako wapi?"

Mpwa alitazama nyuma. Yalikuwa yamepita magongo ya nje na yanakuja.

"Saa moja hivi, Ami."

"Inatosha. Asifanye haraka."